Uzi Uliopita Juu ya Kashojwa

Jambo hili nimelikana kwa miaka mingi, mbele ya mama yangu, mbele ya padre, hata mbele ya mume wangu ambaye hakuwa ameuliza: Mwalimu alinitia kinyaa. Sisemi kile kinyaa cha watu waliosoma, wanaosema siasa zinawatia kinyaa huku wakiongeza mchuzi. Nasema kinyaa cha tumbo, cha kusogeza sahani. Mtu aliyenifundisha kusoma, ambaye nusu ya Kashojwa, kijiji chetu cha kambini, ilimwita baba, ambaye mama yangu alimwekea kiti asichokalia mwingine, mimi sikuweza kumtazama akila.

Ningesema simpendi, watu wangesema chuo kimeniharibu. Kwa hiyo nilisema nampenda, na nililisema vizuri. Niliwahi kusimama kwenye sherehe ya shule nikamsifu mpaka akina mama wakafuta machozi. Yeye alifuta pua.

Basi tuanze na pua. Mwalimu alivuta ugoro kutoka kikopo cha dawa ya minyoo. Alivuta, akangoja kichwa kimeinama kama anayesikiliza redio ya jirani, kisha akapiga chafya kwenye kiganja, akakitazama kiganja kwa makini, akakipangusa kwenye suruali. Baada ya hapo alikupa mkono. Sijaona mtu mwingine aliyependa kusalimiana kama yeye. Alikufuata hata ng'ambo ya barabara. Ukijidai umebeba ndoo alingoja uitue.

Ukucha wa kidole gumba cha kulia aliuacha ukue, kwa kuwa ndio aliotumia kuonyesha mito. Katika darasa letu la kwanza, turubai moja na watoto tuliokalia madumu ya maji, mto Kongo ulikuwa mfereji mweusi uliochimbwa na ukucha ule kwenye ramani. Alituambia, "Mutoto mwenye hajui karte atapotea hata njia ya choo." Tulicheka kila mara. Alilisema kila siku.

Sitasema alizaliwa wapi wala ni mwana wa nani. Alikuwa Mkongomani wa upande wetu, Kivu ya Kusini, na alifika Uganda, kambi ya wakimbizi ya Nakivale, na ramani mgongoni wakati wengine tulifika na masufuria. Hayo yanatosha.

Ramani yenyewe lazima niieleze. Ilikuwa ya dunia nzima, ya ukutani, Afrika katikati, Amerika mkono wa kushoto, Asia mkono wa kulia. Ilipoanza kuchanika aliibandika juu ya kipande cha turubai kwa uji mzito wa unga wa muhogo. Mende wa Kashojwa, ambao hawakuwa na lishe nyingine ya maana, walianza kuila kutoka pembeni. Waliila Bahari ya Pasifiki yote, kushoto na kulia. Nilipomaliza shule ya msingi dunia ilianzia pwani ya Amerika na kuishia Australia, na kingo zake zilikuwa na alama za meno madogo na kinyesi kama punje za ufuta. Nyuzilandi ililiwa nusu. Aliichora upya kwa kalamu ya bluu.

Mbele ya ramani hiyo ndipo alipofanya kazi iliyompa heshima kuliko ualimu. Ofisi ya Base Camp ikikuita na kukuambia kwamba nchi fulani imekukubali, ulikuwa unagawa masufuria, unaaga kanisani, na siku moja kabla ya basi kuja unakwenda kwa Mwalimu kupimiwa. Hakuna aliyekumbuka desturi hiyo ilianzaje. Anayebaki alichomoa uzi kwenye nguo ya anayeondoka. Mwalimu aliutia uzi mdomoni. Aliutia wote, akauzungusha shavuni, kisha akauvuta taratibu katikati ya midomo ili utoke umelowa na ushikamane na karatasi. Akaulaza kutoka uwanja wa ndege wa Entebbe mpaka uwanja wa ndege wa huko. Akaukata kwa meno.

"Shika," alimwambia anayebaki. "Mutu wako iko urefu hii."

Na watu waliupokea kwa mikono miwili! Uzi wenye mate na vumbi la ugoro! Akina mama waliufunga kwenye pindo la kitenge, pale wanapofunga vitu vyao vya siri. Mama yangu alikuwa na nyuzi mbili. Mmoja ulikuwa wa dada yangu Riziki, aliyepelekwa Vancouver, Kanada. Wa pili ulikuwa wa kaka yetu mdogo Bahati, aliyeoa mwanamke mwenye dosye yake, yaani faili la kuhamishiwa nje, na kwenda naye Auckland, Nyuzilandi. Mimi nilihamia mji wa karibu, Mbarara, nikasoma, nikaolewa, nikapata kazi ya kufundisha. Umbali wangu haukuhitaji uzi. "Huyu wa Mbarara anakuja na taksi," Mama aliwaambia watu, kwa sauti ya mtu anayetaja mvua ya kawaida.

Nisimwonee Mwalimu. Upepo ulipong'oa turubai letu msimu mmoja wa mvua, alitupa lake, akalala chini ya ramani yake kama mtu aliyejifunika dunia. Alitembea mpaka Rubondo kufundisha wazee kusoma kwenye kanisa dogo la mabati, na hakuna aliyemwomba. Siku za mabasi alilia kuliko ndugu wa anayeondoka, tena kilio cha kweli, cha kutetemeka mabega, halafu alikwenda nyumba iliyoachwa kuona kama wamesahau chumvi.

Lakini nisimpake mafuta pia. Jirani yetu, mama mmoja Mrundi ambaye hakuwa na nchi iliyomkubali na hakuthubutu kurudi kwao, aliona wenzake wote wana nyuzi. Naye akaja kuomba, aone tu alivyo mbali na nyumbani. Mwalimu alimkatia kipande kisichozidi kidole, akakiinua watu wakione. "Bujumbura ni hapa tu, mama! Si utembee?" Watu wakacheka. Yule mama alikishika kile kipande, hakujua akiweke wapi, mwisho akakirudisha mezani na kuondoka. Nilimuuliza Mwalimu baadaye kwa nini amefanya vile. Alikuwa anachokonoa jino kwa ule ukucha.

"Nilipima. Njo kazi yangu," akasema. "Karte haina huruma."

Sasa nifike kwenye lililotugusa sisi. Jumapili moja, Mwalimu akiwa ameileta ramani yake na kuitundika kwetu, Mama aliuliza swali ambalo hakuna mtu Kashojwa aliyewahi kuuliza. Hakutaka tena umbali wa kutoka Entebbe. Alitaka kujua kutoka uwanja wa ndege wa Riziki mpaka uwanja wa ndege wa Bahati. "Bao kwa bao," alisema, yaani wao kwa wao. "Bakitaka kuonana."

Mwalimu alifurahi mpaka akasahau ugoro wake. Alichomoa uzi mrefu kwenye gunia, akautafuna muda wa kutosha, akauanzisha Vancouver kule kushoto kabisa, akauvuta juu ya bahari ya Atlantiki, juu ya Sahara, akauvusha Uganda, juu ya bahari ya Hindi, mpaka kwenye kisiwa chake cha wino wa bluu kule kulia. Uzi ulijaa ukuta. Ulipita kaskazini kidogo ya kwetu, akausukuma kwa ukucha.

"Mama Riziki, sogea uone. Unapita juu ya nyumba yako."

"Juu ya nyumba yangu?"

"Kilometa elfu makumi mbili na nane, na katikati ni weye. Mutoto mumoja anashika huku, mwingine anashika huku. Weye njo fundo."

Mama alikaa kwenye kile kiti asichokalia mwingine, na Mwalimu akamwachia.

Mimi nilikuwepo. Nilikuwa na shahada ya historia, nimevaa miwani, nimeshika daftari. Je, nilijiuliza kingo za ramani zinakutana wapi? Sikujiuliza. Nilirudi Mbarara nikaandika makala tamu kuhusu mama aliye katikati ya dunia. Ilisifiwa. Mtu mmoja aliniambia imembadilishia maisha, na nikaamini.

Kisha ofisi ikamwita Mama. Kanada ilikuwa imekubali aungane na Riziki. Alikataa. Wakamwita tena, akakataa. Mara ya tatu waliniita na mimi, na kijana wa ofisini akanieleza kwa upole kwamba Mama asipojibu kabla ya mwisho wa mwezi dosye itafungwa, na ikifungwa haifunguliwi. Mama alikuwa na kifua kibaya. Zahanati ilikuwa imeshatuambia kwamba hawana zaidi ya kumpa. Huko kwa Riziki kulikuwa na daktari na chumba chenye joto.

"Nikienda kwa Riziki," alinijibu, "Bahati atabakia na nani kule mwisho ya dunia? Hapa niko katikati. Mumoja akipata shida, niko nusu ya njia."

"Nusu ya njia, Mama, na huna hata pasipoti."

"Mungu haangaliake pasipoti."

Wiki hiyo niliingia duka la vifaa vya shule mjini Mbarara kununua karatasi za mtihani. Kwenye rafu kulikuwa na dunia ya plastiki, ya mviringo, inayozunguka kwenye msumari wake. Niliizungusha nikiwa nafikiria mambo mengine. Nyuma ya dunia kulikuwa na bahari. Niliirudisha, nikaizungusha tena. Kanada kona moja, Nyuzilandi kona nyingine, na katikati yao maji ya bluu yasiyo na Afrika, yasiyo na Uganda, yasiyo na mama yangu.

"Nyabo," mwenye duka akasema, "unanunua ama unazungusha tu?"

Nilinunua. Kwenye teksi nilipima kwa uzi wa sweta yangu. Njia ya majini haikufika hata nusu ya ule uzi wa Mwalimu. Zaidi ya hapo, dunia haina nafasi ya umbali aliousema. Ukisafiri sana hivyo umeshapita upande wa pili wa dunia na umeanza kurudi. Mtoto wa darasa la sita anajua. Mimi nilikuwa na wanafunzi wa darasa la sita wakati huo.

Nilimkuta Mwalimu kwa Mama, kwenye kiti chake, akila bugali na sombe, kisamvu cha kwetu, na kichwa cha samaki. Mama alikuwa jikoni nje. Niliiweka ile dunia mezani. Aliichukua kwa mkono ule ule wa kulia chakula, akaacha dole gumba la mafuta juu ya Brazili.

"Ya plastiki," akasema. "Iko muzuri. Ulinunua Mbarara?"

"Mwalimu, geuza nyuma."

Aligeuza. Alitazama muda mfupi sana. Akanyonya jicho la samaki, na hapo nikaelewa kwamba hakuna jipya alilokuwa anaona.

"Ulijua," nikasema.

"Inivasite!" Ndivyo alivyoniita, Chuo Kikuu, tangu nilipohitimu, na hakuwahi kulisema kwa heshima. "Mimi nilifundisha jiografia mbele uzaliwe. Unafikiri sijue kama dunia inazunguka?"

"Basi mwambie Mama. Ofisi inafunga mwisho wa mwezi. Mwambie ulikosea."

"Sikukosea. Nilipima mu karte. Mu karte iko vile." Alitema mfupa mezani, karibu na karatasi zangu. "Na mwenye kungojea watoto anaishi, mwanangu. Ukimwambia hayuko katikati, ataamka asubuhi afanye nini?"

Ilikuwa hoja nzuri, na kwa kuwa mimi hupenda hoja nzuri nilikaribia kuinunua. Lakini alikuwa hajamaliza.

"Tena, bote nilibapimia, bote balienda. Kashojwa yote nimepima. Mama yako akienda, nani atanipikia sombe?"

Alisema hivyo bila haya, akichovya tonge. Nilimwonea huruma muda uliomtosha kumeza. Kisha akachukua kipande cha samaki kilichobaki, ambacho Mama alikuwa amejiwekea, akakitia mdomoni chote na kuanza kutoa miiba kwa ulimi.

Nilimwambia Mama mwenyewe, jikoni. Nilimshikisha dunia, nikamwonyesha bahari.

"Huu ni mupira," akasema.

"Ni dunia, Mama. Watoto wako wako pande mbili za bahari moja. Wewe uko huku nyuma."

"Mwalimu alikufundisha kusoma. Leo weye unamufundisha Mwalimu?" Akanirudishia. "Mupira ya dukani itajuaje fasi batoto bangu bako?"

Na hapo, kama vile tulihitaji, Bahati akapiga simu kusema amepata pasipoti ya Nyuzilandi na anakwenda kumwona Riziki, ambaye alikuwa karibu kujifungua. "Ni ndege moja tu, Mama, haishuki popote." Bahati naye ni mwanafunzi wa Mwalimu. Alisema ameomba kiti cha dirishani ili atutazame. Nilimnyang'anya Mama simu nimweleze, laini ikakatika, na nilipompata tena alikuwa kwenye foleni ya mizigo na hakusikia neno.

"Atapita juu," Mama alisema. Alisema kwa majirani, alisema kanisani, alimtuma mtu mpaka kijiji cha Juru akamwambie mke wa mjomba. Mwalimu alipiga hesabu kwenye ukuta kwa mkaa na kutangaza kwamba ndege ya Bahati itavuka Kashojwa kesho yake asubuhi, baada ya chai.

Niliondoka Mbarara alfajiri. Mwenye bodaboda aliyenichukua pale Base Camp alipunguza mwendo alipoona watu wamejaa uani kwetu na viti vimepangwa.

"Pole, madamu. Nani amekufa?"

"Hakuna. Wanangoja ndege ya kaka yangu."

Alitazama shamba letu, akatazama la jirani. "Sasa itateremka wapi? Hapa mahindi tupu."

Mama alikuwa amevaa kitenge chake cha Krismasi. Alikuwa amewapikia wote chai. Mwalimu alikaa mbele, sahani ya maandazi magotini, ugoro umemjaa kwenye masharubu, akipokea maswali kama meneja wa uwanja wa ndege. Kama itapita chini au juu? Juu. Kama Bahati ataona nyumba? Akitaka. Nilimwinamia sikioni.

"Mwambie sasa. Bado dakika chache. Mwambie uongo umekwisha."

"Kaa chini, Inivasite," akasema, na makombo yakaniangukia mkononi. "Unazibia batu."

Nikakaa. Naona aibu kusema nilikaa, tena nikapokea chai.

Watu waliingoja ndege mpaka chai ikapoa. Kisha, juu sana upande wa kusini, ukatokea mstari mweupe, ndege ndogo kama sindano, inayokwenda Kigali kama zinavyokwenda zote. Mwalimu akainuka. Akaunyosha mkono wote, na ule ukucha.

"Njo yeye! Njo yeye ule!"

Uwanja mzima ulipiga kelele. Mama alivua kitambaa cha kichwa, akaingia katikati ya mahindi akikipunga, akiita jina la mwanawe mpaka kifua kikamkamata, akakohoa ameinama, akainuka akapunga tena. Yule mama Mrundi alikuja akamshika kiuno asianguke. Mwalimu alikuwa bado ameunyosha mkono, na kwa mkono mwingine alikuwa anatafuta andazi.

Simu yangu ikalia. Namba ilikuwa ya Riziki. Nilimkimbilia Mama nikaiweka kwenye spika.

"Mama? Ni Bahati."

Mama alitazama juu. Mstari ulikuwa bado upo.

"Bahati! Tunakuona! Unanipigia toka ndani ya ndege?"

"Hapana, Mama. Niko kwa Riziki. Nilifika zamani. Nimeoga, nimekula, nilitaka kulala, Riziki akasema nipige kwanza."

Walio mbele walishusha mikono, kisha walio nyuma.

"Ulipita hapa saa ngapi?"

"Sikupita, Mama." Alikuwa anaona haya, nilimsikia. "Nilikaa ku dirisha, sikufunga macho. Ni maji. Tulipanda tukaingia juu ya maji, usiku wote maji, kukapambazuka maji, mpaka kwa Riziki."

"Na inchi kavu?"

"Hakuna inchi, Mama."

"Laini mbaya hiyo," Mwalimu akasema nyuma yetu. "Mukate, mupige tena."

Mama hakugeuka. Aliishika simu kwa mikono miwili, akaisogeza mdomoni kama mtu anayepuliza moto.

"Kwa hiyo munaweza kuonana. Bila kupita huku."

"Ndiyo, Mama. Ni mbali, lakini ni ndege moja."

Alifunga kitambaa chake kichwani tena, polepole, simu akiwa ameibana shingoni. Kisha akasema, "Usilale kwanza. Niitie dada yako." Tulisikia mlango, tulisikia miguu ya mtu mzito, na Riziki akasema haloo, Mama.

"Riziki, hiyo baridi ya huko, nikuje na blanketi zangu ao iko?"

"Iko, Mama. Mingi. Usibebe kitu."

"Basi," Mama akasema, na hapo tu akanitazama, "blanketi nitaachia huyu wa Mbarara."